Mama Mkwe Juu ya Baiskeli ya Umeme

Mageni aliwaambia watu wa ofisi ya ziara kwamba Kahama nzima hakuna mwanamke anayeijua baiskeli kumshinda yeye. Kisha akakumbuka kwamba Jumapili alikuwa kanisani na bado alitakiwa kusema kweli angalau mpaka katikati ya wiki, akapunguza. "Haya, Nyahanga nzima. Basi, mtaa wetu. Na hapo mtaani yupo Agnetha, ila yule siku hizi goti halikunjiki, kwa hiyo tumwache apumzike."

"Na umewahi kuanguka, bibi?" aliuliza dada wa ofisini, mikono ikiwa juu ya kofia ngumu ambayo hakuwa na uhakika kama aitoe.

"Mimi? Hata siku moja. Kuna mtaro tu uliwahi kuingia barabarani wakati napita."

Dada akacheka, kofia ikatoka. Ilikuwa wiki ya uzinduzi wa ziara za baiskeli za umeme, wakazi wa mji wanapanda bure, na tangazo halikusema popote kwamba mkazi akiwa na mvi anageuka kuwa mgeni. Mageni alikuwa amelisoma lote, kwa sauti, nje pale mlangoni. Aliishia darasa la saba, lakini darasa lake la saba lilikuwa la viboko, kwa hiyo kusoma anasoma.

Sababu ya kuja siku ile, na si siku nyingine, ni kwamba kesho yake alikuwa anahamishwa.

Mwanawe wa kwanza, Sostenes, ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo kule Nyarugusu na amejenga Chato, nyumba ya vigae yenye chumba cha mama kilichowekwa feni. Kwa miaka alikuwa akimwita mama yake aende akakae chini ya feni hiyo, na kwa miaka Mageni alikuwa akimjibu kwamba ana jaruba lake la mpunga nje ya mji, ana kuku, na Nyahanga upepo unapuliza bila umeme. Jaruba liko mbali, lakini alikuwa na baiskeli. Asubuhi anapanda, jembe limefungwa nyuma, anakwenda. Ndipo ukaja ule mtaro. Mguu ukavimba, Sostenes akaja kumwangalia, na mguu ulipokuwa ndiyo unapona, baiskeli ikaibwa. Mageni alikuwa kwenye misa ya asubuhi. Aliporudi akamkuta mwanawe amekaa kizingitini, anahema, anasimulia wezi.

Bila baiskeli, mguu ule haufiki jarubani. Mageni alijaribu, akaishia njiani, akarudi amekaa nyuma ya bodaboda ameshikilia jembe na aibu. Siku hiyo akamwambia Sostenes sawa, nitakuja Chato. Alikubali kwa mdomo. Moyo haukuulizwa.

Kwa hiyo kenta ya kubeba vyombo ilikuwa ije kesho. Na Mageni aliapa kwamba ikiwa ni lazima auache mji huu, basi ataupita kwa mara ya mwisho akiwa juu ya baiskeli, hata ya kuazima, hata yenye betri.

Alijua pia nani angeongoza ziara. Binti yake Nelly alikuwa amewatangazia hadi wauza mkaa kwamba mumewe, Maganga, amepata kazi ya kuzungusha wageni. Na Maganga ndiye mtu pekee mjini ambaye asingeweza kumkatalia.

Kwa walivyolelewa wao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mkwe ndiye anayetoka pembeni, anageukia majani mpaka mama apite. Na mama mkwe akisema neno, mkwe hasemi hapana. Vijana wengi wameyaacha hayo, siku hizi wanagombania paja la kuku na mama wakwe zao. Lakini Maganga alilelewa na babu yake huko Ushetu, na babu huyo hakuwa na mchezo.

Basi Maganga alipotoka na kizibao chake cha njano, tabasamu la kupokea wageni likiwa tayari mdomoni, akamwona Mageni na kofia ngumu juu ya kilemba, suruali ya marehemu mumewe ikichungulia chini ya kitenge. Tabasamu likafa. Akageuka, akautazama ukuta.

"Shikamoo mama," aliuambia ukuta.

"Marahaba, baba. Na huo ukuta nao haujambo?"

Wageni wengine walikuwa wawili. Mmoja ni Rebeka, mwalimu kutoka Dodoma aliyekuja kumtembelea mdogo wake. Wa pili ni Donatus, mfanyabiashara wa Geita, mwenye tumbo na miwani ya jua, ambaye alikuwa ameshikilia usukani wa baiskeli yake kwa jinsi watu wanavyomshika mbuzi wa jirani.

"Dada," Maganga alimwambia Rebeka kwa sauti ya chini, "naomba umwambie mama baiskeli hizi zina nguvu sana. Labda angebaki ofisini apate soda baridi."

Rebeka akamwangalia, akamwangalia na Mageni aliyekuwa hatua mbili kutoka hapo. "Si anakusikia?"

"Mwambie tu, dada yangu. Ni mkwe."

Rebeka alikuwa Mgogo, akaelewa nusu, nusu akaivumilia. "Bibi, anasema zina nguvu sana, labda ubaki upate soda."

"Mwambie mkwe nimesikia na nashukuru. Soda nitakunywa nikirudi, kiu itakuwa kubwa zaidi."

Maganga akautazama tena ukuta. Ukuta haukumsaidia. Wakaondoka.

Baiskeli ya umeme ina tabia yake. Mageni alizoea baiskeli inayotaka ukweli: usipokanyaga haiendi. Akakanyaga hii kwa nguvu za kupandia kilima na mzigo wa michembe, viazi vikavu, nyuma, nayo ikaruka mbele kama imesukumwa mgongoni na mtu mwenye haraka zake. "Mayu wee!" alipiga ukelele, mama yake mzazi akiitwa kutoka kaburini. Akampita Donatus, akampita Rebeka, na breki hakuzikumbuka. Baiskeli aliyoizoea ilikufa breki zamani, na watu wa kwao wakitaka kusimama wanateremsha mguu na kukandamiza ndala kwenye tairi la mbele. Ndicho alichofanya. Ndala ikalia, ikatoa harufu ya mpira, baiskeli ikasimama karibu kabisa na meza ya muuza nyanya.

"Breki ziko mkononi!" Maganga alipaza sauti kwa mti wa jirani.

"Mwambie mkwe," Mageni alimjibu Rebeka aliyefika akihema, "kwamba hata mguuni zipo."

Baada ya hapo akaielewa. Alibonyeza kitufe cha kupunguza nguvu, akabonyeza cha kuongeza, akaona kwamba ni kitu cha kawaida tu, kinataka ubembelezaji. Kufika sokoni alikuwa anakwenda ameinua kidevu. Maganga alitangulia mbele kabisa, ameinamisha shingo, akieleza habari za soko bila kugeuka, kwa hiyo nusu ya maelezo walisikia wapita njia.

Mji haukukaa kimya. Vijana wa bodaboda kwenye kituo chao walisimama juu ya pikipiki ili waone vizuri.

"Bibi, shuka, utavunjika kiuno!"

"Kiuno changu kimebeba watu wazima kuliko wewe, na hakikuvunjika!"

"Unakwenda wapi na umeme wote huo?"

"Nawakimbia wanaonitaka niolewe! Wewe kaa hapo hapo, usinifuate!"

Wakapiga honi, wakashangilia, na mmoja akavua kofia. Mageni akapiga kengele kuitikia. Kwa kitambo hicho alisahau kenta. Kisha akaona mwanamke wa umri wake amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka la mwanawe, mikono mapajani, hafanyi lolote, feni inamgeukia na kumwacha, inamgeukia na kumwacha. Akaikumbuka kenta. Akaongeza nguvu kitufe kimoja.

Wakapita kwenye mashine za kukoboa mpunga, pumba zikiruka hewani, Donatus akipiga chafya na kuyumba. Mbele ya mashine barabara inagawanyika. Kulia ni mtaa wa mafundi baiskeli. Kushoto ni stendi. Maganga akanyoosha mkono wa kushoto.

"Kaka," alisema Rebeka, "mdogo wangu alipanda juzi, akaniambia mafundi ndio pazuri kuliko pote. Si ni huku kulia?"

"Leo pamefungwa," Maganga aliiambia barabara.

Mageni akapunguza mwendo. Mtaa wa mafundi ufungwe? Fundi Marcel, anayemtengenezea tangu rimu zikiwa za chuma kizito, hafungi hata Ijumaa Kuu. Anasali kwa kugonga nyundo taratibu.

"Rebeka, mwanangu, niulizie. Pamefungwa na nani?"

"Anauliza pamefungwa na nani."

"Kuna... wanachimba mtaro."

"Niulizie, mtaro wa nini?"

"Wa maji."

"Wa maji ya kuja au ya kuondoka?"

Maganga akazidi kunyoosha mkono kushoto. Masikio yake, ndiyo pekee Mageni aliyokuwa akiyaona, yalikuwa yamelowa jasho, na jua lilikuwa bado la asubuhi. Mageni alikuwa ameozesha na amelea, masikio ya mtu anayeficha kitu anayajua. Hakujua kinafichwa nini. Alijua tu kwamba tangu mguu uvimbe kila mtu alikuwa akimchagulia: huku usipite, hiki usibebe, kule hamia. Hata mji wake wa kuuaga nao wamchagulie kona?

"Mwambie mkwe," alisema, "mama anapita."

Akabonyeza kitufe mpaka kikagoma kubonyezeka, akapiga kengele mfululizo, akamwelekea Maganga moja kwa moja. Kijana akasikia kengele inakuja, akachungulia kwa pembe ya jicho, akaona kilemba. Babu wa Ushetu akamshika shingo. Maganga akatoka barabarani, baiskeli na yeye, akajibanza kwenye kibanda cha muuza vitumbua, uso ukutani, mpaka mama apite.

Mama akapita. Akakata kulia.

"Nifuateni mimi!" aliwaita wale wawili. "Mwongozaji kaenda kununua vitumbua!"

Donatus na Rebeka wakatazamana, wakakata kulia. Nyuma yao Maganga alijaribu kurudi mbele, lakini kila alipokaribia Mageni alipunguza mwendo kidogo tu, na kila alipopunguza Maganga alilazimika kurudi kwenye kuta. Basi ziara ikawa na mwongozaji mpya.

"Kushoto," Mageni alieleza kwa sauti ya redio, "duka la vifaa vya machimbo. Karai, sululu, kamba. Marehemu mume wangu aliingia hapo kununua kamba ya ng'ombe akatoka na tochi ya kichwani, akawa anakula nayo chakula cha mchana. Kulia, hapo walikuwa wanaume wa kubeba abiria kwa baiskeli, Shinyanga yote walijaa. Nilitaka kuifanya kazi hiyo, wakaniambia mwanamke hawezi kumbeba mwanaume. Nikawauliza mlizaliwa mmebebwa na nani?"

Donatus akacheka mpaka akagonga ukingo. Hakukuwa na mtaro wowote uliochimbwa. Mtaa ulikuwa wazi, mafundi wamekaa wamezungukwa na minyororo na spoku, na Fundi Marcel chini ya turubai lake, nywele nyeupe, mikono myeusi.

"Mama Sostenes!" alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye suruali. "Ee, mambo ya umeme hayo! Kumbe ndiyo maana ukaiacha hii. Umekuja kuiaga?"

Akanyoosha kidole nyuma ya benchi.

Ilikuwa imeegemezwa nguzo. Kwenye tandiko kile kitambaa cha kufuma cha rangi ya chungwa alichokifuma mwenyewe. Kwenye keria ya nyuma, ile mipira ya tyubu aliyoizungushia ili jembe lisigonge. Kengele yenye mfuniko wa kopo. Tairi zilikuwa zimejazwa upepo, na hata vumbi lilikuwa limepanguswa.

 Mageni aliiegemeza ile ya umeme, akaiendea yake, akaweka mkono kwenye tandiko. 

"Aliileta lini?" Mageni aliuliza taratibu.

"Sosi? Ile asubuhi, watu wako misa. Akasema mama amechoka nayo, anahamia Chato, niitunze, nisiiuze. Nikamwambia siwezi kuiuza baiskeli ya Mama Sostenes, atanifuata hata ahera." Marcel akamtazama vizuri. "Kwani vipi?"

"Hakuna kitu, baba. Alifanya vizuri kuileta kwako."

Kumbe huu ndio mtaro aliokuwa akiuficha mkwe. Mwizi gani, alikuwa amejiuliza siku zote hizo, mwizi gani wa Kahama anachukua baiskeli isiyo na breki na kuacha kuku? Alikuwa amejiuliza, akajikemea, kwa sababu aliyesimulia ni mtoto wake.

Hapo ndipo zikasikika kelele kutoka mwisho wa mtaa, ambako malori na kenta za kukodi huegeshwa. Mtu alikuwa amemwambia Sostenes, aliyekuwa akipatana na dereva kwa ajili ya kesho, kwamba mama yake anapaa mjini. Alikuwa anakuja mbio, shati limechomoka, tumbo likimtangulia.

Mageni aliuvua upesi mtandio wake, khanga pana ya maua, akautandika juu ya baiskeli yake kuanzia usukani hadi keria. Kisha akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Sosi huyo!" Marcel alifurahi. "Nilitaka kumtafuta. Ngoja nimletee kitu chake." Akaingia ndani ya kibanda, zikasikika bati na makopo yakipanguliwa.

"Mama!" Sostenes alifika. "Mama, unataka kunitia aibu? Unataka watu waseme nini? Mguu wenyewe huo!"

"Mwangaluka, mwanangu. Salamu kwanza, kuna wageni."

"Shikamoo mama. Jamani, habari zenu. Mama, shuka!"

"Nimeshashuka, huoni nimesimama? Huyu ni mwalimu Rebeka, wa Dodoma. Yule mwenye miwani ni Donatus, mtu wa Geita, labda mnafahamiana kwenye dhahabu zenu. Nilikuwa nawasimulia habari za baiskeli yangu, lakini mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo. Wasimulie wewe."

Sostenes akamtafuta shemeji yake kwa macho. Maganga alikuwa mbali, uso kwenye ukuta wa duka la spea.

"Mama, hiyo si habari ya sasa."

"Kesho naondoka. Niache niisikie kwa mara ya mwisho, nikiwa nyumbani."

Mtoto gani ataikataa hiyo? Sostenes akakohoa. Akaanza polepole, lakini alikuwa mtu wa kupatana bei, na mtu wa kupatana bei akishaanza kusema hujipandisha mwenyewe.

"Walikuwa watatu," aliwaambia wageni. "Majitu. Nimesikia geti linasukumwa, nikatoka hivi hivi, na taulo. Wa kwanza ameshaikamata baiskeli. Nikamrukia."

"Mara ya kwanza walikuwa wawili," Mageni alisema kwa upole.

"Wa tatu alikuwa nje analinda."

"Ee. Endelea."

"Tukavutana, mimi nashika keria, yeye ameshika usukani. Mwingine akatoa panga. Nikawaza, mama yangu bado ananihitaji. Nikaachia. Lakini niliwakimbiza! Mpaka majarubani niliwakimbiza, na miba. Wakanipiga na fimbo hapa, kofia yangu ikaruka, ile nzuri, ya kahawia, ile ya Mwanza, nayo wakaondoka nayo."

"Na kofia?" Rebeka alisikitika. "Watu wabaya sana."

"Na kofia," alisema Sostenes, macho chini. "Baiskeli ya mama, dada yangu, ningeitetea kwa damu. Lakini ndiyo hivyo. Ilishafika Burundi saa hizi."

"Burundi mbali," Mageni alisema. "Lazima imechoka."

Akasogea pembeni, akashika pindo la mtandio, akauvuta.

Donatus alivua miwani. Sostenes aliitazama baiskeli, nayo kwa kitambaa chake cha chungwa ikamtazama. 

"Wameirudisha!" alisema. "Mama! Kumbe wameirudisha! Mungu mkubwa!"

"Mkubwa kweli. Sasa nenda kamwambie mwenye kenta abebe mchanga. Mimi kesho nina palizi."

"Mama, ni kwa ajili yako, mguu..."

"Mguu ni wangu, mtaro ni wangu, na nikianguka nitaanguka kuelekea jarubani kwangu. Utakuja Krismasi nikupikie kuku ambaye wezi wako walimsahau."

Ukutani, mgongo wa Maganga ulianza kutikisika. Hakugeuka, heshima ilimzuia, lakini kicheko kilimtoka puani kama mvuke wa sufuria.

"Mama, naapa, watu hao wamepata woga wa Mungu, wameileta wenyewe kwa fundi, mimi sijui chochote, sijafika hapa tangu..."

Fundi Marcel akatoka kibandani, buibui kwenye nywele, amefurahi, mkononi ameshika kofia ya kahawia.

"Nimeipata! Sosi, ulisahau kofia yako siku ile ulipoleta baiskeli ya mama. Nikasema mtu ataikalia, nikaificha."

Mtaa mzima wa mafundi ulikuwa umeacha kugonga.

"Hiyo siyo yangu," alisema Sostenes, na wakati anasema mkono wake ulikuwa umeshaipokea, umeikung'uta vumbi, umeiweka kichwani, upande kidogo, kama anavyoivaa siku zote.